Ng'ombe wa Udongo

Mtoto anapocheza anajifunza. Mikono yake hupata ufundi, na akili yake huchangamka. Vitu vya kuchezea si lazima vinunuliwe dukani. Watoto wengi wa vijijini hufinyanga ng'ombe na mbuzi wa udongo. Sisi wazazi tunaweza kuwafinyanga pamoja nao. Hatutatoa hata senti moja.

Vitu vinavyotakiwa

Tunahitaji udongo wa mfinyanzi, maji na kijiti chenye ncha. Udongo huu hupatikana bondeni au kando ya mto. Mtu mzima aende kuuchimba. Watoto wadogo wasiende mtoni peke yao.

Pima udongo kwanza. Viringisha donge mpaka liwe nene kama kidole. Likunje kama pete. Lisipopasuka, udongo unafaa.

Jinsi ya kutengeneza

1. Ondoa mawe na mizizi. Tia maji kidogo kidogo, ukande kama unga wa chapati.

2. Finyanga kiwiliwili cha kuenea kiganjani.

3. Finyanga miguu 4, mifupi na minene. Miguu myembamba huvunjika.

4. Finyanga kichwa, pembe, nundu na mkia.

5. Kwaruza kwa kijiti mahali pa kuunganisha. Paka udongo laini kama uji, kisha bandika. Usipofanya hivyo, miguu itabanduka ikikauka.

6. Toboa macho kwa kijiti.

7. Mwanike ng'ombe kivulini siku 3 au 4. Usimwanike juani. Jua hukausha nje upesi, na udongo wa nje husinyaa. Ndani bado ni kubichi. Ndipo ng'ombe hupasuka.

Ng'ombe huyu hakuchomwa moto. Akinyeshewa na mvua atakuwa tope. Si kitu, mtafinyanga mwingine.

Jihadhari na sumu

Watu wengine huweka mbegu ziwe macho ya mnyama. Ziko mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo tipitipi. Zinapendeza, lakini zina sumu kali. Mbegu za nyonyo pia zina sumu. Mtoto akizitafuna anaweza kufa. Usizitumie kabisa.

Mtoto akitafuna mbegu hizo, mpeleke zahanati mara moja, hata kama haonekani mgonjwa. Chukua na mbegu moja, mganga aione.

Hata kunde na mahindi si salama kwa mtoto mdogo. Zinaweza kumkaba kooni. Na makopo ya dawa ya kuua wadudu wa mimea au kupe yasichezewe, hata yakioshwa.

Kuhesabu kwa ng'ombe

Mzazi mwingine husema, "Mimi sikwenda shule nilipokuwa mtoto. Nitamfundisha nini mwanangu?" Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Unaweza kumfundisha.

Tengenezeni ng'ombe 10. Jengeni zizi la vijiti. Ng'ombe 3 waende malishoni. Zizini wamebaki wangapi? Mwache mtoto awashike na kuwahesabu mwenyewe. Usimpe jibu upesi. Kisha ng'ombe 2 warudi. Sasa wako wangapi?

Andika mchangani, mtoto akitazama:

10 – 3 = 7

7 + 2 = 9

Mtoto ataona kwamba tarakimu ni ng'ombe aliowashika. Atakapofika darasani, hesabu haitamtisha. Na wewe hutasahau ulichojifunza.

Maswali

1. Utajuaje kwamba udongo unafaa?

2. Kwa nini tunamwanika ng'ombe kivulini?

3. Taja mbegu mbili zenye sumu. Je, ziko karibu na nyumba yako?

4. Zizini wako ng'ombe 10. Wametoka 4, amerudi 1. Sasa wako wangapi?