Je, Wamjua Mbwa Alindaye Ua Wako?

Mwenye nyumba wa mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, afungapo lango lake baada ya isha na kuingia ndani kuukimbia ubaridi, humwachia mbwa dhamana ya mali yake, ya watoto wake na ya usingizi wake. Na kukicha, mnyama huyohuyo aliyekesha hutukanwa kwa kubweka mno, hupigwa kwa kufukua bustani, hufungwa mnyororo kwa kumwonyesha mgeni meno, na pengine husahauliwa hata kwa kopo la maji. Malalamiko wanayompelekea bwana mifugo wenye kufuga mbwa, Mbeya na Iringa pia, ni mengi. Lakini atakayeyapima kwa insafu ataona kuwa aghalabu ya yale tuyaitayo ukorofi ni maumbile yanayofanya kazi yake, au ni taksiri yetu sisi wenyewe.

Chukua kubweka, ambako ndiko kunakozua ugomvi baina ya majirani. Sikio la binadamu hukoma kusikia pale sauti inapozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa huendelea hadi kiasi cha 45,000; na pua yetu ina chembe za kunusia milioni tano au sita, ambapo ya mbwa inazo zaidi ya milioni mia mbili. Fauka ya hayo, pua hiyo imepasuliwa pembeni kwa hikima kubwa, hata pumzi inayotoka hupitia kando isije ikaisukuma nje harufu mpya inayoingia. Kwa hiyo abwekapo usiku wa manane, nawe ukachungulia dirishani usione kitu, usidhani kuwa amebweka bure: huenda kicheche amepita nyuma ya choo, huenda mtu asiyemjua amesimama mtaa wa pili, huenda mbwa wa Mwanjelwa ametoa habari naye akaipokea na kuipitisha. Kuna dhana pia kuwa mbwa aliapo kwa sauti ndefu, hasa wakati wa adhana au king'ora cha gari la wagonjwa kinapopita barabara kuu ya Tunduma, ameona jini au anabashiri mauti. Sivyo. Sauti ndefu inayopanda na kushuka hufanana na mlio ambao babu zake waliutumia kuitana walipotengana, na anayeusikia huitika. Ila yuko mbwa mmoja ambaye kelele zake hazina maana ya ulinzi, naye ni yule aliyefungwa mnyororo mfupi mchana na usiku, peke yake. Huyo hubweka kwa ukiwa, na dawa yake si fimbo bali ni kufunguliwa.

Nimewataja babu zake, na hapa pana jambo linalowachanganya wengi, hasa wakaao karibu na Hifadhi ya Ruaha mkoani Iringa. Mbwa mwitu wa Ruaha, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, si babu wa mbwa wetu. Ni jamii ya mbali, na mguu wake wa mbele una vidole vinne badala ya vitano. Mbwa wa nyumbani, hata huyu koko wa rangi ya kahawia apitaye chini ya meza za soko, ametokana na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini ya dunia, naye amekwisha kuishi na binadamu kwa muda usiopungua miaka 14,000. Katika muda huo hakubadilika tabia peke yake. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden, Erik Axelsson akiwa mmoja wao, walionyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, kuliko alizonazo mbwa mwitu huyo wa kaskazini; yaani tumbo lake limejifunza kula tunachokula sisi tulimao nafaka.

Basi anayeuliza kama ni dhuluma kumpa mbwa ugali, jibu ni hapana, ila ni dhuluma kumpa ugali mtupu. Mwili wake unataka dagaa, utumbo, damu iliyopikwa, yai au mabaki ya nyama, na maji safi kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa iepukwe, maana huvunjika kwa ncha kali zikatoboa matumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Na katika nchi hii yenye neema ya parachichi za Rungwe, kokwa isitupwe mahali atakapoiokota, kwani akiimeza huweza kumziba utumbo. Mbwa mwembamba mwenye tumbo kubwa na manyoya yasiyong'aa aghalabu ana minyoo, ambayo baadhi yake huwapata na watoto wachezao mchangani. Na miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapofikia kumtetemesha hata mwenye blanketi mbili, banda liinuliwe kutoka ardhini na kutandikwa majani makavu. Mbwa mchanga wa wiki mbili za mwanzo hawezi kuuhifadhi ujoto wa mwili wake, na baadhi ya vifo tunavyovihesabu kuwa vya ugonjwa usiojulikana huenda ni vya baridi.

Ukali ndio unaotafutwa sana, na ndio unaotafutwa kwa njia mbaya kuliko zote. Wako wanaomlisha mbwa pilipili ili awe mkali, na wako wanaomfungia gizani mchana kutwa. Pilipili haizidishi ushujaa, huunguza utumbo. Na giza halimfundishi kumjua mwizi, humfundisha kuogopa kila kiumbe, na mbwa mwenye hofu ndiye aumaye bila kuchagua, akamwacha mwizi aliyemrushia nyama akamrukia mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Msingi wa tabia hujengwa mapema, kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili tangu kuzaliwa: kinda lililoshikwa kwa upole na watu mbalimbali katika siku hizo, likazoea bodaboda, watoto, kuku na mvua ya bati, litakua likijua lipi la kawaida na lipi la kubwekea. Mlinzi mwema ni yule anayejua tofauti hiyo.

Na aumapo, mara nyingi alikwisha kuonya. Mbwa aliyebanwa hugeuza uso, hujilamba midomo, hupiga miayo ilhali hana usingizi, huonyesha weupe wa jicho, kisha hunguruma. Nasi twampiga kwa kunguruma, hata akajifunza kunyamaza na kuuma ghafla. Mkia nao si ushahidi wa furaha pasipo shaka. Watafiti wa Italia walitangaza mwaka 2007 kuwa mbwa amwonapo bwana wake mkia huelekea zaidi upande wa kuume, na amwonapo mbwa mgeni mwenye kiburi huelekea zaidi kushoto. Vilevile ule uso wa unyonge tunaoudhania kuwa ni kukiri kosa baada ya kuiba samaki, Alexandra Horowitz wa New York aliuchunguza, na mwaka 2009 akaeleza kuwa huonekana pale bwana anapokaripia, awe mbwa ametenda kosa au hakutenda. Basi kumchapa jioni kwa kosa la asubuhi ni kumfundisha jambo moja tu, kwamba kurudi kwako nyumbani ni msiba.

Wapo majirani zetu Waislamu wanaojizuia kumgusa mbwa kwa ajili ya hukumu ya najisi, nao waheshimiwe. Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia, na imehifadhi habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu. Usafi na rehema havigombani. Sheria ya nchi nayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, imekataza ukatili kwa mnyama.

Limebaki lile ambalo haifai kulipita upesi, yaani kichaa cha mbwa. Virusi vya maradhi haya hukaa katika mate. Mbwa mgonjwa aumapo, virusi hivyo huingia jerahani, kisha husafiri polepole ndani ya neva hadi kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Muda huo ndio fursa pekee ya kuokoka, maana chanjo ikiwahi mtu hupona, na dalili zikishadhihiri karibu hakuna aponaye. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulikadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika Tanzania, na walio wengi kote duniani hupata kwa kuumwa na mbwa. Tahadhari si na mbwa mwenye hasira peke yake: mpole anayekuwa mkali ghafla, mkali anayejificha kimya, anayebadilika sauti, anayetokwa mate na taya kuning'inia, wote ni wa kuogopwa. Huyu wa mwisho ndiye hatari iliyojificha, kwa kuwa mwenye huruma hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani mwake.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika kumi na tano, asipake majani wala pilipili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo kama mchubuko. Lakini kinga iliyo bora ni ya mbwa mwenyewe. Utafiti wa Katie Hampson na wenzake katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo tu. Na ndiyo maana wakichanjwa mbwa sabini katika kila mia, maradhi hukosa njia ya kupita. Kwa kuwa mbwa hufa na kuzaliwa upesi, kazi hiyo yataka kurudiwa kila mwaka. Pemba walirudia, na wakafaulu kuyakatiza maambukizo kisiwani mwao.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mbunifu wa chanjo ya maradhi haya, mwaka 1895, dunia huadhimisha siku ya kupiga vita kichaa cha mbwa, na mara nyingi chanjo hutangazwa kwa wananchi. Ndugu msomaji wa Soweto, wa Kabwe, wa Kihesa kule Iringa, usiingoje siku hiyo iwapo mbwa wako ametimiza miezi mitatu na hajachanjwa: mtie kamba, mpeleke kwa bwana mifugo wa kata yako wiki hii, uitunze kadi yake, na umrudishe mwakani tarehe iliyoandikwa.