Kijana akipimwa jeshini: mkojo wake unalindwa vipi?

Kijana wa Ibra, Sur au Nizwa akiitwa kupimwa afya ili aingie jeshini, nyumba nzima huwa roho juu. Mama anauliza: je, chupa ya mwanangu ikibadilishwa na ya mtu mwengine? Na wenzake kijiweni wanamnong'oneza mbinu za "kusafisha" mkojo. Masuala haya mawili yana jibu moja, kwani taratibu zinazomzuia mdanganyifu ndizo zinazomlinda asiye na kosa.

Jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wake mkojo mwaka 1971, wakati wa vita vya Vietnam, kwa sababu ya heroini. Upimaji ulikazwa baada ya Mei 1981, ndege ilipoanguka juu ya manowari Nimitz na kuua watu 14. Baadhi ya mabaharia waliokufa walikutwa na alama za bangi mwilini. Askari anabeba silaha, na roho za wenzake ziko mikononi mwake.

Udanganyifu una njia tatu: kuleta mkojo wa mtu mwengine, kuuzimua kwa maji, au kuutia kemikali.

Njia ya kwanza huzuiwa kwa macho na kipimajoto. Katika jeshi la Marekani yuko mtu wa jinsia moja na askari anayeshuhudia mkojo ukitoka. Kwa wafanyakazi wa serikali ya huko, joto la mkojo hupimwa ndani ya dakika 4, na lazima liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Chupa iliyofichwa garini Nizwa mwezi wa Juni itapita hapo kwa mbali.

Kuzimua hugunduliwa kwa kriatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo huanza kutiliwa shaka kuwa umezimuliwa; chini ya 2, si mkojo wa kawaida wa binadamu. Kemikali nazo huonekana kwa kupima ukali wa asidi na chumvi za naitraiti.

Baada ya hapo chupa hufungwa kwa utepe wa muhuri mbele ya mwenyewe, naye hutia saini. Kila anayeipokea huandika jina na saa. Sampuli ikichukuliwa Sur na kupelekwa Maskati, ni safari ya kilomita 200 hivi, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba haikuguswa njiani. Mahali pengi mkojo hugawiwa chupa mbili, ili ya pili ifunguliwe pakitokea ubishi.

Muhuri peke yake hautoshi. Katika michezo ya Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, sampuli za wanariadha wa Urusi zilipitishwa usiku kwenye tundu la ukutani, zikafunguliwa na kubadilishwa, ingawa chupa zile ziliaminika hazifunguki. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta mikwaruzo ndani ya vifuniko, na chumvi nyingi kuliko mwili wa mtu unavyoweza kutoa.

Sasa tugeukie nyumbani. Kijana asiye na kosa anaweza kujitia mashakani bila kujua. Akinywa malita ya maji kwa hofu au kwa joto, mkojo wake utaonekana umezimuliwa, na huenda akatakiwa kurudia. Dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini, iliyoletwa na jamaa kutoka Dar es Salaam au Bombay, huonekana kama afyuni. Hata mbegu za khashkhash ndani ya mkate: Februari 2023 jeshi la Marekani liliwaonya askari wake wajiepushe nazo. Na mirungi, hata kama shangazi Mombasa anaiona jambo la kawaida, Oman ni marufuku.

Basi kijana achukue cheti cha daktari na pakiti za dawa zake, ataje kila alichokunywa kabla ya kupimwa, asome namba ya chupa kabla ya kutia saini, wala asiondoke kabla haijafungwa mbele yake.

Na anayejijua anatumia, asitafute chupa ya rafiki. Sheria ya Oman ya madawa ya kulevya ya mwaka 1999 ilimwekea mlango anayejipeleka mwenyewe kutibiwa, asishitakiwe. Na hospitali ya Al Masarra, Maskati, hutibu waraibu. Mzazi ampeleke mapema, kabla ya barua ya jeshi kufika.