Chungu kisicho na jina: Jinsi mfinyanzi na umri wa vigae vya Mbita hutambuliwa

MVUA kubwa inapopiga miteremko ya Mbita na visiwa jirani vya Rusinga na Mfangano, udongo husombwa kuelekea Ziwa Victoria na vitu vilivyofukiwa kwa karne nyingi hujitokeza. Miongoni mwavyo ni vigae, yaani vipande vya vyungu na mabakuli ya kale. Wengi huvikanyaga tu na kupita.

Kikombe cha kiwandani huwa na muhuri kitakoni, na mwenye kukigeuza atasoma jina la aliyekitengeneza na pengine nchi kilikotoka. Bakuli la udongo halina muhuri huo, kwani mfinyanzi wa kale hakutia sahihi. Hata hivyo, wanaakiolojia huweza kusema bakuli hilo ni la mkondo upi wa ufinyanzi na lilitengenezwa takriban lini. Yapo mambo manne wanayoyachunguza: umbo, nakshi, udongo wenyewe na mahali kigae kilipolala.

Kipande chenye manufaa zaidi ni cha mdomo wa chungu. Mviringo wa mdomo, hata ukiwa umebaki kidogo tu, humwezesha mtaalamu kukadiria upana wa chombo kizima na kujua kama kilikuwa bakuli la kulia, chungu cha kupikia au mtungi wa maji. Kitako nacho husema mengi, na katika ukanda huu wa ziwa kiliwahi kuupa ufinyanzi mmoja jina lake la kwanza.

Mwaka 1948, Mary Leakey, mumewe Louis Leakey na Shemasi Mkuu wa Kianglikana Walter Owen, aliyekuwa mmisionari magharibi mwa Kenya, walichapisha maelezo ya vyungu vilivyopatikana katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Siaya. Vingi vilikuwa na kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kwa kidole udongo ulipokuwa bado mbichi. Kwa hiyo viliitwa vyungu vya kitako chenye kibonyeo. Baadaye viliitwa Urewe, kwa jina la mahali vilikopatikana.

Chungu cha Urewe hutambulikana pia kwa mdomo uliochongwa pande kadhaa na michoro ya mistari iliyokwaruzwa kwa ustadi. Vyungu vya namna hiyo vimepatikana Rwanda, Burundi, Uganda na Kagera nchini Tanzania, na vya zamani zaidi vinakaribia mwaka 500 KK. Huambatana na mabaki ya kufua chuma, na wataalamu wengi huvihusisha na wakulima wa mwanzo waliozungumza lugha za Kibantu.

Lakini Urewe si ufinyanzi wa kwanza kandokando ya ziwa. Kabla yake kulikuwa na vyungu vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kilichoko Mto Kagera. Wafinyanzi wake walikuwa wavuvi, wawindaji na waokotaji wa vyakula vya porini, na vyungu vyao vya mapema zaidi vina umri wa takriban miaka 8,000. Nakshi zao hufunika sehemu kubwa ya chombo, nyingi zikiwa zimepigwa kwa kifaa chenye meno kilichobembezwa huku na huko juu ya udongo mbichi. Katika maeneo ya Luanda na White Rock Point, kando ya Ghuba ya Winam, vigae hivi vimepatikana ndani ya malundo ya makombe yaliyobaki baada ya watu hao kula.

Mkondo wa tatu ndio unaowatatiza wengi, kwa sababu mabakuli yake mengi hayana nakshi yoyote. Huu ni ufinyanzi wa Elmenteita, uliopewa jina la ziwa la Bonde la Ufa. Wenyewe walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu asiyejua angedhani bakuli tupu halina la kusema, kumbe utupu huo, ukiunganishwa na umbo, ndio alama yenyewe.

Ushahidi wa ziada hutoka kwenye jiwe. Wafugaji hao walitumia visu vya obsidiani, jiwe la volkano linalong'aa na kukata kama kioo. Kila mlima wa volkano hutoa obsidiani yenye mchanganyiko wake wa kemikali, hivyo maabara huweza kutambua jiwe lilikotoka. Obsidiani ya Elmenteita kwa sehemu kubwa ilitoka Mlima Eburru, karibu na Naivasha. Imepatikana hata Gogo Falls, kwenye Mto Kuja katika Kaunti ya Migori, mwendo wa karibu kilomita 200.

Gogo Falls ni mfano mzuri wa jinsi mahali panavyoeleza umri. Mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba hapo katika miaka ya 1980, na eneo hilo limetoa vigae vya Kansyore, vya Elmenteita na vya Urewe. Kanuni ni nyepesi: tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata, isipokuwa panya, mizizi au jembe viwe vimeyachanganya. Mifupa ya hapo ilionyesha pia kwamba wafugaji wa Elmenteita, takriban miaka 2,000 iliyopita, hawakutegemea mifugo pekee. Waliwinda na kula samaki.

Mkondo wa nne ni wa vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Nakshi hii ilienea katika nchi za Maziwa Makuu kuanzia mwisho wa milenia ya kwanza BK, na wafinyanzi wa Kijaluo wameendelea kuitumia hadi nyakati zetu. Anayeokota kigae chenye alama za kamba huenda ameshika chombo cha miaka 800 iliyopita, au mtungi wa maji uliomvunjikia nyanya wa jirani yake.

Ndiyo maana nakshi peke yake haitoshi, na maabara huingia kazini. Njia inayotumika zaidi ni ya kaboni, iliyobuniwa na Willard Libby huko Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940 na kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kiumbe hai huingiza mwilini kaboni-14. Akifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kinachopimwa si udongo wa chungu bali mkaa au mfupa uliolala nacho katika tabaka moja, au masizi ya chakula yaliyoganda ndani yake. Makombe ya ziwani hupimwa kwa tahadhari, kwani konokono huweza kuchukua kaboni kuukuu kutoka majini akaonekana mzee kuliko alivyo.

Njia nyingine hupima kigae chenyewe. Madini yaliyomo katika udongo hukusanya nishati kutokana na mionzi ya asili, na moto wa mfinyanzi hufuta nishati yote ya awali. Kigae kikipashwa moto tena maabarani hutoa mwanga hafifu, ambao wingi wake hueleza muda uliopita tangu kichomwe. Lakini hesabu hiyo huhitaji pia kupima mionzi ya ardhi kigae kilimolala. Kikishahamishwa bila kumbukumbu, sehemu ya jibu imepotea.

Kuhusu mfinyanzi mwenyewe, tahadhari kubwa inahitajika. Katika miaka ya 1980, watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler walichunguza kazi za wafinyanzi wa Kijaluo, ambao ni wanawake. Waligundua kwamba wengi walijifunza ufundi baada ya kuolewa, mkaza mwana akifundishwa na mama mkwe wake. Hivyo mtindo wa chungu ulionyesha kundi la wafinyanzi wa mahali fulani, wala si kabila zima. Isitoshe, chungu huuzwa sokoni na kuvunjikia mbali na alikozaliwa mfinyanzi wake.

Funzo hilo lina uzito katika eneo ambalo Waluo na Abasuba wameishi pamoja na kuoana kwa vizazi. Kigae si hati ya kumiliki shamba. Hakiwezi kumaliza ubishi wa nani alifika kwanza. Kinachoonyesha ni kwamba mwambao huu umepokea wavuvi, wafugaji, wakulima na wahunzi kwa maelfu ya miaka.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kifaa cha kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Kabla ya hapo, jambo la busara ni kutochimba zaidi, kutoosha kigae wala kukisugua masizi, na kupiga picha kikiwa palepale kilipoonekana.

Aliyefinyanga bakuli hilo hakuacha jina. Aliacha alama za vidole vyake, udongo aliouchagua na jivu la moto wake, na hivyo vyote husomeka iwapo tu aliyekiona kwanza atakiacha kilipolala hadi mwenye kujua kusoma afike.