Vidonge vya Jirani

Kama umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi, bila shaka umepita Mackinnon Road, ule mji mdogo wa Kwale wenye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Hapo, kama kwingineko pwani, mtoto akichemka kwa homa usiku, mama hubisha hodi kwa jirani: "Mwenzangu, hukubakisha vidonge vya malaria?"

Ni ujirani mwema. Lakini je, vidonge vilivyomponya mtoto wa jirani vitamfaa na wako?

Kumbuka kisa cha Lapdap. Dawa hii ya malaria iliidhinishwa Uingereza mwaka 2003 ikauzwa hadi Kenya, wakati klorokwini ilikuwa imeshindwa. Ilikuwa rahisi kwa bei na wengi ilikuwa ikiwaponya. Baadaye majaribio yakaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa damu yao ilipungua ghafla, wengine hata wakaongezwa damu. Mwaka 2008 GlaxoSmithKline, kampuni iliyoitengeneza, ikaiondoa madukani.

Walioathirika zaidi walikuwa wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, dawa kama dapsoni, iliyokuwamo ndani ya Lapdap, huzipasua. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa manjano, mtoto akalegea. Ukiona hivyo, kimbilia hospitali.

Upungufu huu hurithiwa. Mvulana huupata kwa mama yake tu, kamwe si kwa baba, na jeni moja yamtosha kuathirika. Msichana ana nafasi mbili, kwa hiyo mara nyingi nzuri huisaidia mbovu. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba wasichana wenye jeni moja ya aina hii hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wavulana hawakuonekana kuipata. Dada anufaika, kaka alipa!

Kipimo cha damu kipo, na mwenye upungufu huishi maisha yake kama kawaida. Amweleze tu daktari kabla ya kuandikiwa dawa, primakwini ikiwemo. Na wewe mama unayetia naftalini kwenye sanduku la nguo za mtoto mchanga ili kufukuza wadudu, zitoe leo: mvuke wake hufanya madhara yaleyale.