Ukungu wa Naivasha Hauletwi na Ubaridi wa Maji

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, usiku usio na mawingu nchi kavu na hewa iliyo juu yake hupoa upesi, maji yakabaki na joto la mchana. Wengi wauonapo ukungu alfajiri hudhani ziwa limepoa kupita kiasi, kumbe ndilo lenye joto kuliko hewa, na mvuke wake ndio uzaao ukungu. Mtu atauliza: mvuke utatokaje na maji hayajachemka? Mbona nguo hukauka kambani bila kuchemshwa!

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mchana mvuke hutoka mwingi, lakini ukungu hauonekani. Jibu limo hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikiwa na nyuzijoto 10, gramu 9 tu. Mvuke wa ziwa ukichanganyika na hewa baridi, ziada hugeuka vitone vidogo mno, na vitone hivyo ndivyo tuvionavyo kama ukungu. Ndiyo maana ukungu huu huanzia usoni pa maji ukipanda. Mvuvi asubiri jua liipashe hewa, kwani kabla ya hapo kiboko aliye mbele ya mtumbwi huenda asionekane kabisa.