Michezo ya Video Nayo Ina Lugha

Mpenzi wa michezo ya video anayezuru maonyesho ya Gamescom mjini Cologne, Ujerumani, hana budi kujifunga kibwebwe. Mwaka 2019 yalihudhuriwa na watu wapatao 373,000. Wafanyabiashara wana kumbi zao. Mpenzi wa kawaida hupanga foleni kwa saa kadhaa ili aonje mchezo mpya kwa dakika chache tu.

Mwanaisimu aliye katika foleni hiyo hutega sikio. The Witcher 3, mchezo uliotolewa mwaka 2015, ulibuniwa na Wapolandi kutokana na hadithi za mwandishi wao, Andrzej Sapkowski, na wahusika wake huzungumza Kipolandi pia. Lugha hiyo ina wazungumzaji wachache kuliko Kiswahili!

Walimu hulalamika kwamba vijana wameikimbia fasihi na kuzamia michezo. Je, tumewaandalia nini humo kwa Kiswahili? Fumo Liyongo aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate anakosa nini asiwe shujaa wa mchezo? Wanafunzi wa kompyuta na wa Kiswahili vyuoni mwetu na waketi meza moja. Lugha isiyochezewa na watoto wake hubaki ya mitihani tu.