Yatima Mwenye Haya na Mlango wa Miaka 18

Katika nchi iliyolala kandokando ya Mto Tana, tangu Nanighi hadi kufikia Garsen, wanakoishi Wasomali, Waorma, Wawardei na Wapokomo, desturi ya tangu zamani ni kwamba mtoto aliyefiwa na wazazi huchukuliwa na ami yake, au mjomba, au nyanya, akalelewa miongoni mwa damu yake. Lakini mapigano ya mwaka 2012 baina ya Waorma na Wapokomo, yaliyoua watu zaidi ya 100, na mafuriko ya 1997, 2018 na 2023, na ukame ulioteketeza mifugo kuanzia 2020, yamezifukarisha jamaa nyingi, hata wapo waliotamani kumlea yatima wao wasiweze. Ndipo baadhi ya watoto huishia katika makao ya mayatima, mbali na kwao.

Humo ndani yumo mtoto asiyehesabiwa miongoni mwa wenye shida, naye ndiye ninayekusudia kumzungumzia: yule mwenye haya, asiyegombana wala kuomba, ambaye walezi waliolemewa na watoto wengi humsifu kwa utulivu wake, kisha wakampita. Utulivu huo humgeukia siku atimizapo miaka 18, umri ambao sheria ya Kenya haimhesabu tena kuwa mtoto. Hajapata kupanga chumba, wala kujadiliana bei sokoni, wala kukataliwa jambo akarudi kuliomba tena. Na akienda kutafuta kitambulisho, akaulizwa hati za baba na mama, huinamisha uso akaondoka, ilhali pasipo kitambulisho hafungui akaunti benki wala hasajili laini ya simu.

Miongozo ya malezi mbadala iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009 inataka kila mtoto anayetoka makaoni apewe, kila iwezekanapo, mtu mahsusi wa kumwongoza hadi ajitegemee. Waislamu wa Tana wanayo amri iliyotangulia hiyo kwa karne nyingi: Surat An-Nisaa inawaagiza mawalii wawajaribu mayatima hadi wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepevuka kiakili wawakabidhi mali zao mbele ya mashahidi. Mwenye kuizingatia amri hiyo ataona kwamba umri peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu aliye karibu na kijana, amwangalie akijaribiwa.

Mtu huyo aweza kuwa mwalimu wa madrasa, au mzee wa kanisa, au mama wa jumuiya, mradi awe mmoja na adumu, na aanze mapema, kijana akiwa bado na miaka 15 au 16. Asimkalishe kitini na kumhoji, kwa kuwa mwenye haya husema mikono yake ikiwa kazini, wakichuma maembe au wakikamua ng'ombe. Amtume kwanza dukani, kisha kwa chifu, wakifuatana, halafu peke yake. Linalonihuzunisha kupita yote ni kumsimamisha yatima mbele ya wafadhili asimulie vifo vya wazazi wake, kisha ikaitwa kumjengea ujasiri. Tena, kwa kuwa katika bonde hili misikiti na makanisa vimo pamoja, hisani isiwe bei ya kumbadilisha mtu dini. Na mwongozi huyo ajulikane kwa Afisa wa Watoto, wasichana waongozwe na wanawake, na mazungumzo yafanyike mahali pa wazi.

Jambo hili lina haraka sasa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala ya Kiislamu, yaani kumchukua na kumlea mtoto asiye wako bila kumbadilisha nasaba, kuwa njia mojawapo ya malezi, na mpango wa serikali wa mwaka 2022 hadi 2032 unakusudia watoto watoke makaoni, warejee katika jamaa zao. Basi watarudi mtoni vijana waliosahau lugha ya mama, wasiojua kudai, na mwenye haya ndiye atakayekuwa wa mwisho kuuliza habari za urithi wake. Imamu na mchungaji wa kijiji ndio wanaofahamu ni ami yupi angali hai, ni shamba lipi la miembe lilikuwa la marehemu, na nani analilima leo.